Kosa Langu, Tangi la Nani?

Wiki jana kijana ninayefanya naye kazi aliniuliza swali, na mpaka leo limenikwama kooni kama mfupa wa tilapia. "Mkubwa, nitachora katoni mpaka lini?"

Ana haki ya kuuliza. Huu ni mwezi wake wa tano. Kila asubuhi anafika gereji, anafagia, anawasha kompresa, halafu anapasua katoni ya mafuta ya kupikia, anaibandika ukutani na kuanza: nukta, nukta, nukta. Mstari. Mstari. Kisha ile mikwaju inayoanza nene na kuisha nyembamba kama mkia wa panya. Jioni katoni zote zinaenda jalalani. Na huku nje nganya zinapita zikiunguruma, zimejaa nyuso za wanamuziki na wachezaji wa mpira, naye anajua fika kwamba nyuso hizo zilichorwa na watu wenye mikono miwili kama yake.

Nilimjibu vile wakubwa hujibu wakikosa jibu: "Mpaka nitakaposema." Lakini nilipofika nyumbani niligundua kwamba swali lake halikuwa la kalenda. Mtu akijifunza, lazima kitu kiharibike. Sasa, nani anafaa kulipia kile kitu?

Kama hujawahi kushika eabrashi, hebu nikueleze. Ni kama kalamu ya chuma iliyounganishwa na mpira wa upepo. Kidole kimoja kinafanya kazi mbili: ukibonyeza chini, hewa inatoka, ukivuta nyuma, rangi inafuata. Ni rahisi kusema. Ukikata hewa kabla hujafunga rangi, mara nyingine inatema matone makubwa. Ukisogea karibu sana na rangi ikiwa nyepesi, inatawanyika pande zote kama miguu ya buibui. Ukisogea mbali, unapata vumbi tu. Hakuna kitabu kitakachokuepusha na makosa haya. Lazima uyafanye kwa mkono wako, si mara moja bali mara mia, mpaka kidole kijue chenyewe. Kwa hivyo yule anayejifunza anahitaji kitu cha kuharibu, tena kwa wingi, na kwa bei ambayo mfuko wake unaweza.

Mimi sikuanzia kwa katoni. Fundi aliyenipokea hakuwa mtu mbaya. Alininunulia chai siku ambazo sikuwa na kitu, na hakunitoza hata shilingi ya mafunzo. Lakini hakuwa na subira. Mwezi wangu wa pili aliniwekea mbele tangi la pikipiki, akaniambia mwenyewe anataka kichwa cha simba, kisha akavuka barabara kwenda kula.

Ule simba ulikuwa paka aliyenyeshewa. Jicho moja lilikuwa juu ya lingine, na rangi ya manyoya ilitiririka mpaka kwenye kifuniko cha petroli. Mwenye pikipiki alikuja jioni. Alikuwa mtu wa bodaboda, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, na siku nzima hiyo hakuwa amebeba abiria hata mmoja. Aliangalia tangi. Akalisugua kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayetaka kujua kama inatoka. Halafu akasema, "Iko sawa, kijana." Akalipa 1,500, pesa zote, akawasha, akaenda.

Fundi wangu alicheka. "Umeona? Umefunzwa na umelipwa." Nami nikacheka. Kile kidole gumba nilianza kukiona baadaye.

Siku hiyo palikuwa na boneti ya gari kubwa la mtu mwingine pale pale gereji, ikingoja rangi. Mbona sikupewa ile? Jibu tulikuwa nalo wote, ila hakuna aliyelitamka. Mwenye gari angepiga kelele. Angeita polisi, au wakili, au angesema tu "mnanijua mimi?" na tungejua. Mtu wa bodaboda alikuwa na haraka na hakuwa na sauti. Tangi lake lilikuwa rahisi kwa sababu mwenyewe hakuweza kulalamika.

Nikaanza kuona jambo hilo kila mahali. Kinyozi anayejifunza hapewi kichwa cha meneja wa benki. Anapewa watoto wa mtaa, ambao mama zao wanashukuru kwa sababu ni bure. Daktari naye lazima achome sindano yake ya kwanza mahali fulani, na mara nyingi mkono anaoupata ni wa mtu ambaye hana uwezo wa kulazwa kwingine. Sisemi wasijifunze. Mimi mwenyewe nataka daktari aliyejifunza. Nasema tu kwamba ujuzi wa mji huu una deni kubwa kwa watu waliotumiwa kama katoni bila kuambiwa.

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Naiheshimu methali hiyo, ila fundi rangi anaweza kuiongezea kitu. Kwanza, mazoezi ni nini kama si kurudia kosa mpaka lichoke? Pili, methali inamwangalia yule aliyekosea na kumfariji. Mwenye tangi haimuulizi kitu.

Ndiyo maana nilipopata banda langu niliapa: hapa hakuna kujifunzia kwa mteja. Na hapo ndipo nikalazimika kuwa mtaalamu wa takataka. Gazeti la jana linafaa wiki ya kwanza, na huhitaji hata rangi ya gari. Maji yenye rangi ya keki yanatosha kumfundisha kidole kubonyeza na kuvuta. Ukishafika kwa rangi yenyewe, kuna mtungi wa plastiki wa lita 20 uliotoboka. Ukiupiga msasa, ule mviringo wake unakufundisha kuzunguka na umbo. Kitu pekee ninachomkataza kijana wangu kubania ni barakoa ya kuzuia mvuke wa rangi. Skrepa hawauzi mapafu.

Lakini katoni ina tatizo, na nadhani kijana wangu amelihisi ingawa hakulisema. Katoni inanyonya. Ukizidisha rangi, inaimeza. Ukitetemeka, ukingo unafifia wenyewe na kazi inaonekana laini kuliko ulivyoifanya. Inakusamehe kabla hujaomba msamaha. Bati halina huruma hiyo. Rangi ikizidi kidogo tu inatiririka, na kila mtu anaona. Kuna vijana wazuri sana wa katoni ambao bati limewalilisha.

Nilipoliona hilo nikaenda kwa watu wa skrepa nikanunua mlango wa friji mbovu, shilingi 400. Ni bati lililopakwa rangi, laini kama tangi, na linasema ukweli. Ukikosea, unafuta kwa kitambaa chenye thina kabla haijakauka. Ukichelewa, unapiga msasa na kuanza upya. Amechora mlango ule mara ambazo hatuwezi kuhesabu. Nilidhani nimemaliza kesi: mahali pazuri pa kujifunzia ni pale ambapo kosa ni lako mwenyewe kulilipia, na pasipokudanganya kuhusu ukubwa wake.

Ila mlango wa friji hauna mwenyewe. Hakuna anayeusubiri jioni. Na mkono unaotulia pale ambapo hakuna kinachopotea si lazima utulie siku kitu cha mtu kiko mbele yako. Hapo kijana ana pointi. Kutakuwa na mteja wa kwanza, hata angechora katoni miaka kumi, na mteja huyo atabeba hatari ambayo wa hamsini hataibeba. Hili siwezi kulikwepa kwa takataka.

Kwa hivyo tulijaribu ukweli. Alhamisi alikuja mtu na tangi, anataka tai. Nikamwambia kijana aseme mwenyewe. Akajikaza: "Mkubwa, sijawahi kuchora tangi la mtu. Nikichora mimi utalipa nusu. Ikiharibika, tutafuta na huyu atarudia bila malipo." Yule mtu akamwangalia, akaniangalia, akacheka kidogo. "Pole, kijana. Nichoree wewe, mzee."

Nikachora mimi. Kijana alishika taa bila kusema neno. Nikaelewa kwa nini fundi wangu alipendelea kunyamaza na kwenda kula: ukimuuliza mtu, anaweza kukataa, na kukataa kwake kunamchelewesha mwanafunzi wako. Ukweli una gharama, na siku hiyo aliyeilipa ni kijana. Nilikuwa nimeitoa gharama kwa mtu wa bodaboda nikamtwika asiye na mshahara wa maana. Hiyo nayo si haki.

Basi nani alipe? Nimezunguka na swali hili siku nne, na kila nikizunguka narudi kwa mtu mmoja: yule aliyekula matunda ya simba mbovu. Kila tangi zuri nililolipwa tangu siku ile lina ile 1,500 ndani yake. Yule mtu simjui jina, wala sitampata nimrudishie.

Jumamosi nilifungua tangi la pikipiki yangu mwenyewe. Nyeusi, haina hata mkwaruzo, nililipaka mwenyewe mwaka jana. Nikaliweka mezani mbele ya kijana. Nikamwambia nataka kichwa cha simba, na kwamba Jumatatu nitaiendesha vile itakavyokuwa.

"Na ikiharibika, mkubwa?"

"Nitaulizwa na watu wote wa stendi ni nani aliyechora."

Alivaa barakoa. Akashika eabrashi, akaishusha, akaishika tena. Mkono ulikuwa unatetemeka, kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye katoni. Nilitamani sana kuvuka barabara kwenda kula. Nikavuta kiti, nikakaa.