Tano kwa Tano kwa Kila Mtu

Binti wa kaka yangu anasoma uhandisi wa programu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, mwaka wa mwisho. Juzi alikuja na kompyuta mpakato yake anionyeshe kazi ya kikundi chao: mfumo wa kutunza hesabu ya dawa za zahanati. Rangi zimepangika, vitufe vinaitika. Nikaomba nijaribu. Panapoulizwa mgonjwa kapewa vidonge vingapi, nikaandika -20. Mfumo haukushtuka. Stoo ikaongezeka vidonge 20, kana kwamba mgonjwa ndiye kaja kuigawia zahanati dawa.

Tulicheka sana. Baadaye akanionyesha fomu mbili, kicheko kikanikauka.

Ya kwanza ni ripoti ya kikundi kingine kilichopewa jukumu la kuukagua mfumo huo. Watu sita wameandika mstari mmoja: kazi nzuri, hongereni, boresheni rangi. Ya pili ni ya wanakikundi kutathminiana wenyewe kwa wenyewe. Majina saba, vipengele vitano, na kila kisanduku kina tano kwa tano. Mmoja wa hao saba hajawahi kuonekana kikaoni. Wenzake wanamjua kwa alama ya kidole gumba anayotuma kwenye kundi la WhatsApp.

“Na huyu tano zake kazipata wapi?”

“Shangazi, mwaka wa mwisho huu. Akipata sapu, lawama zote kwangu.”

Najua kuna msomaji anayesema moyoni: mwacheni mtoto, huo ndio utu tuliomfundisha. Tangu lini Mswahili akamchongea mwenzake? Mwingine atasema anayelipwa kusahihisha ni mhadhiri, na kwamba darasa likifurika, kazi za vikundi humpunguzia mzigo wa makaratasi. Huyu wa pili simpingi sana. Wa kwanza ndiye ninayetaka kubishana naye.

Utu gani huo? Mama zetu wa kikoba wanapendana, wanazikana, wanachangiana harusi. Lakini hisa ya kila mmoja inaandikwa kwenye kitabu chake mbele ya macho ya wote, mchelewaji analipa faini, na sanduku lina kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayenuna kwamba ameitwa mwizi. Wanahesabiana ili waendelee kupendana. Anayemwandikia mwenzake hisa ambazo hakununua hasifiwi kwa huruma. Anatolewa kwenye chama.

Wenye fani yenyewe wanalijua hili siku nyingi. Mwaka 1976 Michael Fagan wa IBM alichapisha utaratibu wa wenzako kuikagua programu yako kabla haijatumika, kila mkaguzi akiwa na nafasi yake. Kinachotafutwa pale ni makosa, na kosa likionekana mapema, kulirekebisha ni nafuu.

Kosa lisipoonekana, matokeo tunayajua. Mwaka 2014 dunia ilitaharuki kwa kasoro iliyoitwa Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu inayolinda siri za tovuti nyingi mno. Mchangiaji alileta kipande chake, mwenzake akakikagua, kikapita. Kilikuwa na kasoro ndogo: seva iliambiwa ujumbe una urefu fulani, ikaamini bila kupima, ikamwaga yaliyokuwa kwenye kumbukumbu yake. Kasoro ilikaa hadharani miaka miwili. Sasa itazame na ile -20 yangu. Zote mbili ni namba iliyoingia bila kuulizwa. Tena ya Heartbleed ilimponyoka mkaguzi aliyeitazama kazi. Hii yetu haikufunguliwa hata na mmoja wa sita.

Wahadhiri nao wasijifiche. Kama alama za kutathminiana hazidai ushahidi, watoto watagawiana kama karanga. Kuna Git, programu inayotumika tangu 2005, na inaandika nani kaleta nini na siku gani. Mistari mingi ya programu si lazima iwe kazi kubwa: aliyekaa na mfamasia akajifunza dawa zinavyotoka anaweza asiandike hata mstari. Basi naye aandikiwe alichofanya, kwa maneno na si kwa namba tupu. Na ripoti ya ukaguzi isahihishwe kama kazi kamili: umeona kosa gani, wapi, umelijaribu vipi?

Je, nawadai watoto ukali ambao sisi wakubwa hatuuthubutu maofisini, tunakosifiana vikaoni na kusemana kwenye ngazi? Huenda. Lakini mtu asiyejifunza chuoni kumwambia rafiki yake “hapa umekosea” hatajifunza siku bosi wake atakapokosea. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kalamu nyekundu, aliyempa kila mtu tano kwa tano bila neno la maelezo angepata sifuri ya kipengele hicho, na binti wa kaka yangu angekuwa wa kwanza. Nimeshamwambia. Amenuna, na chai hakuimaliza.