Gari Linalochemsha Siku Moja Moja

Gari linalochemsha kila siku halinipi shida. Mwenyewe hana ujanja: atalisukuma mpaka kwa fundi, atalalamikia bei, mwisho atalipa. Ninaloliogopa mimi ni lile linalochemsha leo, kisha likatulia wiki mbili kana kwamba halijawahi kukosa adabu, halafu siku ya harusi, limejaa mashangazi na masufuria, mshale wa joto unaanza kupanda. Gari la namna hiyo humdekeza mwenyewe kwa matumaini. Likipoa, naye anapoa. Na injini nyingi nilizoziona zikifa hapa kwetu, tangu enzi za mkoa wa Cyangugu uliofutwa 2006 mpaka leo tunajiita wilaya ya Rusizi, zilikufa katika kupoa huko.

Sikasiriki, wanangu. Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko wangu mimi ni huu tu: jambo likitokea mara moja moja, binadamu huchagua kukumbuka zile siku ambazo halikutokea. Tumeumbwa hivyo. Mtu mwenye jino linalouma usiku hulisamehe asubuhi. Basi sishangai kumkuta kijana kwenye barabara ya Huye, mbele ya Gisakura, pale msitu wa Nyungwe unapofunga pande zote mbili, boneti iko juu, koti limezungushwa mkononi, anataka kufungua mfuniko wa rejeta, na abiria wanne nyuma yake wana ushauri wa aina sita. Koti halitoshi, mwanangu. Maji yaliyobanwa mle ndani yamepita nyuzi 100, na ukilegeza mfuniko tu yanakurukia usoni yakiwa mvuke. Zima gari, kaa nusu saa, au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuruka. Wala usikimbilie kumwagia injini ya moto maji ya kijito. Silinda hedi ya aluminiamu ikibanwa na baridi ghafla hupinda au hupasuka, na hapo umebadilisha tatizo la shilingi kwa tatizo la noti.

Ila akishapoa na gari likapoa, swali la kwanza linalomtoka huwa lile lile: "Ni nini?" Na hapo ndipo fedha zinapoanza kuliwa. Atabadilishiwa pampu ya maji, kisha rejeta, kisha mipira, kila fundi na imani yake. Swali la kuanza nalo ni lini. Limechemsha lini?

Kama huchemsha likiwa limesimama, kwenye foleni ya mpakani Rusizi ya Kwanza kuvuka kwenda Bukavu, au sokoni Kamembe kwenye msongamano, na ukishaondoka upepo ukapita mbele mshale unarudi, itazame feni. Gari likitembea hupata upepo wa bure. Likisimama linategemea feni peke yake. Acha injini iungurume, boneti wazi, uone kama feni inawaka joto likipanda. Isipowaka, ni mota, au rilei, au swichi ya joto, au waya uliolika. Waya wa hivyo hushika leo na kuachia kesho, ndiyo maana ugonjwa wake huja na kuondoka. Kwenye Hilux za zamani feni huzungushwa na injini yenyewe kupitia klachi ya mafuta mazito. Mafuta hayo yakivuja, feni inazunguka kwa uvivu, na mtu akiitazama anaridhika kwa kuwa ameiona inazunguka.

Kama foleni hailisumbui lakini kupanda kunalishinda, hadithi ni nyingine. Na sisi tumejaliwa vilima vya kupimia. Bonde la Bugarama, ukilifuata mpaka mto Rusizi unapotoka nchini, liko kwenye mita 950 hivi, hakuna chini kuliko hapo Rwanda nzima. Ziwa Kivu liko mita 1,460. Ndani ya Nyungwe barabara inapita mita 2,400. Gari lililotoka Bugarama asubuhi na mchele likalala Huye limefanya kazi ambayo gari la pwani halijawahi kuiota. Likichemsha kwenye kupanda tu, maji hayazunguki ya kutosha au rejeta haipitishi: imeziba kutu ndani, imejaa tope na wadudu nje, mkanda unateleza, mapanga ya pampu yameliwa, au mpira wa chini unajinyonya na kubana njia injini ikivuta kwa nguvu, kisha ukisimama unafura tena na kukuangalia kwa unyofu.

Juu huko kuna jambo jingine ambalo akina mama wanalijua kuliko madereva: maharage ya mlimani hayaivi upesi. Hewa ikiwa nyepesi, maji huchemka mapema. Kamembe huchemka karibu nyuzi 95. Kule juu Nyungwe, 92 au pungufu. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta. Ule mfuniko si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike. Ni chombo chenye springi na mpira, umechapwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, na kazi yake ni kuyabana maji ili yafike nyuzi 110 na kitu bila kuchemka. Mpira ukikauka, springi ikilegea, maji yako yatachemka kwenye 92, wakati injini nzima kiafya hufanya kazi kati ya 80 na 95. Unaona nafasi iliyobaki? Gari hilo hilo likishuka Bugarama litakaa kimya. Mwenyewe ataapa kwamba limepona.

Tena tunalinyweshea chochote. Limeishiwa maji karibu na ziwa, tunachota ziwani. Limeishiwa huko Nyakabuye, tunachota penye mkondo wowote. Maji ya Kivu yana madini mengi, na yale ya chemchemi za moto za Mashyuza yamebeba chokaa ya kutosha kujenga jiwe: mawe yaliyolala pale ndiyo ambayo kiwanda cha saruji cha Cimerwa huko Bugarama kimekuwa kikiyasaga tangu miaka ya 1980. Sasa wewe chukua maji ya aina hiyo, yachemshe kila siku ndani ya vijifereji vya rejeta vyembamba kuliko kidole cha mtoto, halafu ushangae baada ya miaka miwili kwamba saruji imeanza kutengenezwa garini mwako. Tia kulanti nusu, na nusu maji ya betri. Ukizidiwa njiani tia ulichonacho, dharura haina adabu, lakini ukifika nyumbani mwaga na uoshe.

Halafu kuna thamostati, mtoto wa kambo wa injini. Ni kivalvu kidogo kinachofunga maji mpaka injini ipate moto, kisha kinafungua. Kikizeeka hukwama siku moja, siku nyingine hufunguka. Mpira wa juu ukiwa moto sana na wa chini baridi, mshukiwa ni yeye. Basi fundi wa haraka hukitoa na kukitupa, na mwenye gari hushukuru kwa kuwa amelipia kazi ya dakika kumi. Hajui kwamba injini sasa haipati moto wake, inakunywa mafuta zaidi, na kwenye injini nyingi za Toyota mlango ule wa pembeni ambao thamostati ilitakiwa iufunge unabaki wazi, hivyo maji ya moto yanarudi injini bila kupitia rejeta. Kilima kirefu kikija, linachemsha kuliko kwanza.

Usikitupe. Kipime. Chukua sufuria, ila isiwe ile ya mkeo ya wali, nakuonya kama mtu mzima. Kifunge kivalvu kwa uzi kining'inie ndani ya maji kisiguse chini, uwashe jiko, utulie. Kama kimechapwa 82, kianze kuachama kabla ya mapovu makubwa. Maji yakichemka kweli kweli, na hapa Kamembe hiyo ni kama 95, kiwe kimefunguka milimita nane hivi. Kitoe, kipoe, kitie tena. Rudia. Kivalvu cha uongo hukudanganya mara ya tatu.

Nikuachie dalili chache usizotaka kuzisikia. Maji yanapungua, na chini hakuna tone. Asubuhi ukifungua mfuniko injini ikiwa baridi, ukaiwasha, mapovu yanapanda bila kukoma. Moshi mweupe haukatiki hata injini ikishapata moto. Oili imegeuka rangi ya maziwa. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, na mara nyingi haikuanza yenyewe. Ililetwa na ule moto mdogo mdogo uliosamehewa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengine hufika hapo wakaliosha gari, wakalipaka mng'aro, wakaliuza asubuhi na mapema likiwa limepoa; kwa hiyo wewe unayenunua, iguse kwanza injini kabla gari halijawashwa, kisha mwombe muuzaji mpande naye kutoka daraja la mpakani mpaka Kamembe. Akianza kuwa na haraka, umekwisha kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na bado hujatoa fedha. Nyamaza, mshukuru, nenda zako.

Nasema haya nikijua nusu yenu mtarudi kwenye dumu la maji nyuma ya kiti. Si neno. Lakini kumbukeni kwamba gari la ugonjwa huu halikubali kuugua mbele ya fundi. Litafika gereji mshale uko katikati, na fundi hodari hawezi kutibu asichokiona. Shahidi ni wewe. Weka kidaftari kwenye dashibodi, uandike: siku gani, wapi, kupanda au kusimama, mzigo au mtupu, feni ilikuwa inazunguka au la, maji yalipungua kiasi gani. Ukurasa mmoja wa hivyo utampa fundi njia ya kuanzia, na mfuniko mpya wa rejeta ni bei ya chakula cha mchana. Injini si bei hiyo.