Nani Amalizie Neno la Bibi?

Mwaka jana, uani kwetu katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ulikatwa mwembe ambao bibi yangu aliupanda kabla mama yangu hajazaliwa. Ulikatwa kwa sababu mimi nilisema kwamba bibi amekubali. Tangu siku hiyo nina swali ambalo nimekuja nalo hadi darasani: mtu anapotamka maneno yaliyovurugika, nani ana haki ya kuyapanga?

Wengi wenu mmewahi kuuona ule ujumbe wa Kiingereza unaotumwa kwenye simu, wenye maneno yaliyopanguliwa herufi. Ulienea sana mwaka 2003, nao unadai kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wamegundua kuwa herufi ya kwanza na ya mwisho zikibaki mahali pake, zilizobaki hata zikichanganywa vipi msomaji husoma bila taabu. Utafiti huo wa Cambridge haukuwapo. Mtafiti mmoja wa lugha na ubongo wa mji huohuo, Matt Davis, aliufuatilia ujumbe huo na kueleza wapi umesema kweli na wapi umetia chumvi. Kilichokuwapo ni tasnifu ya Graham Rawlinson wa Chuo Kikuu cha Nottingham, ya mwaka 1976. Kisha mwaka 2006 Keith Rayner na wenzake walipima kasi ya wasomaji. Herufi za katikati zikibadilishana nafasi, kasi ilipungua kwa asilimia 11. Za mwishoni, asilimia 26. Za mwanzoni, asilimia 36. Kwa hiyo akili husoma, lakini kuna gharama.

Tena Kiingereza kina bahati yake. Vineno vyake vingi ni vya herufi mbili tatu, havivurugiki, na ndivyo vinavyomwongoza msomaji. Sisi kazi hiyo tumeitia ndani ya kitenzi. Niliwahi kuandika ubaoni: “Mawnfanuzi adnaaknia braua kwa mlwmaiu wkae.” Wenzangu walikwama kwenye neno la pili, ingawa ni mwanafunzi tu anaandika barua kwa mwalimu wake. Kwa Kiebrania hali ni ngumu zaidi: Hadas Velan na Ram Frost walionyesha mwaka 2007 kwamba kuchanganya herufi za mzizi humwangusha msomaji wa lugha hiyo hata pale ambapo wa Kiingereza anaendelea kutembea. Katika Kiswahili, “iuzwe” na “isiuzwe” zinatofautiana kwa kipande kidogo cha katikati, na kipande hicho ndicho kinachoamua kama familia ina nyumba au haina. Yako pia maneno yenye herufi zilezile, mwanzo uleule na mwisho uleule, ambayo yote ni maneno halali. Kupotea na kutopea. Kutaka na kukata.

Sasa nirudi kwa bibi. Baada ya kupata kiharusi, silabi zake zilianza kupishana. Mwanzoni tulidhani anatutania kwa kinyume, ule mchezo wa watu wa pwani wa kutanguliza silabi ya mwisho. Kumbe hakuwa na hiari. Aliomba “basuni” nikampa sabuni. Akauliza “fokia” ya babu iko wapi nikamwonyesha kofia. Nilimwelewa haraka kuliko wote, na nyumbani wakaniita mkalimani. Nilijivuna, sifichi.

Baba mkubwa alipoitisha kikao, hoja ilikuwa kujenga vyumba viwili vya kupangisha pale uliposimama mwembe. Kodi ya chumba kimoja ingenilipia karo. Bibi aliulizwa. Akautazama mti, akasema neno moja, akarudia. Baba mkubwa akanigeukia: “Wewe ndiye unayemwelewa. Anasemaje?” Nilikuwa nimesikia “naukata.” Nikasema hivyohivyo. Watu wakacheka kwa furaha: kumbe mzee angekuwa na nguvu angeushikia shoka mwenyewe!

Kila siku nilikuwa nikigeuza silabi zake. Siku ile sikugeuza.

Asubuhi mafundi walipokuja, alinishika mkono wa shati, akalitamka tena neno lake huku akilia, na hapo nikasikia “nautaka.” Sijui kama alilitamka vingine au masikio yangu ndiyo yaliyobadilika. Matawi yalikwisha kushuka.

Mwanafalsafa wa Marekani, Donald Davidson, alishikilia kwamba hatuwezi kumwelewa mtu yeyote bila kumchukulia kwanza kuwa kwa sehemu kubwa anaamini yaliyo kweli na anasema yenye maana. Huo huitwa ukarimu wa kufasiri. Naukubali, lakini siku hizi nauogopa. Msomaji anayepanga “braua” kuwa barua hana anachopata wala anachopoteza. Sentensi nzima inamsukuma kwenye maana moja. Mimi nilisukumwa na sentensi iliyokuwa ikisemwa na watu wote kikaoni, na karo ikiwa ndani yake. Akili ilifanya kazi yake ya kawaida, ikaziba pengo kwa kile ilichokitarajia. Sikusema uongo. Je, kutosema uongo kunatosha kuniondolea lawama? Nadhani hakutoshi, kwa kuwa nilijua hali yake na nilikuwa na swali moja jepesi la kumuuliza, nami sikuuliza. Anayeaminiwa kusoma kwa niaba ya mwingine hukaguliwa zaidi pale maana aliyoipata inapompendeza yeye.

Mwenzangu mmoja wa darasani alinipinga: basi tuwaache wazee wahangaike na neno hadi jasho liwatoke mbele ya wageni? Ana hoja. Kumsubiri mtu kunaweza kuwa ukatili, na bibi mwenyewe akikwama mbele ya majirani hunikazia macho nimwokoe. Ndiyo maana sitaki kanuni ya kusema usimalizie kamwe. Sabuni nimalizie. Mwembe nisimalizie.

Binamu yangu anayeishi Brussels alituletea karatasi za mafumbo ya herufi, zile za kuwanoa wazee akili. Zilikuwa za Kifaransa, nikazitengeneza upya kwa Kiswahili, nikamwekea bibi mezani pamoja na kalamu. Alizitazama kwa muda. Akasema, taratibu na bila kukosea hata silabi: “Mume wangu, maneno yangu yamevunjika yenyewe. Wewe unaniletea mengine ya kuvunjwa?” Nilizikusanya. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2016 kampuni ya Marekani iliyouza michezo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2, baada ya mamlaka ya biashara ya huko kuituhumu kuwapotosha wateja kwamba michezo hiyo huzuia akili kudhoofika uzeeni. Wanaofanya mafumbo huwa hodari wa mafumbo hayo. Kwamba uhodari huo unahamia kwenye mambo mengine ya maisha, ushahidi wake ni haba. Sisemi ni mabaya. Anayeyapenda ayafanye.

Ila vitendawili ni jambo jingine, na hapa huenda naongozwa na mapenzi tu. Jioni bibi husema “Sokwe!” nasi tunajibu “Niruze!”, kwa Kirundi cha kwao alikozaliwa, akichoka anahamia “Kitendawili!” nasi “Tega!” Maneno hayo hayapishani mdomoni mwake. Kwenye karatasi zangu, mimi ndiye nilikuwa na majibu na yeye ndiye mtahiniwa. Kwenye vitendawili majibu anayo yeye. Tukishindwa tunampa mji, na miji anaichagua kwa ubahili mkubwa. Bujumbura ameikataa mara tatu, anasema imejaa vyumba vya kupangisha.

Siku hizi, neno lake likiwa na njia mbili, namrudishia zote mbili: “Bibi, kutaka au kukata?” Wakati mwingine hukasirika na kunipungia mkono nitoke. Juzi alinyoosha kidole uani akatamka kitu, nikawa na hakika anazungumzia mwembe, na pole zangu zikawa tayari mdomoni. Nikanyamaza, nikamwuliza. Ilimchukua muda mrefu, chai ikapoa. Alikuwa anasema nguo zimeanikwa na mvua inakuja.