Tomaso Angeuliza Tairi

Kijana ninayemfundisha ufundi hapa gereji, Voi, aliniuliza swali ambalo hata askofu angelitafuna kwanza. "Mzee, Jumapili unasimama kanisani kusoma kwamba mtu alikufa akafufuka siku ya tatu, na unaamini. Mbona gari la Wamarekani huliamini, na video ipo?"

Gari alilokuwa akilitetea ni SSC Tuatara, la kampuni ndogo ya Jerod Shelby katika jimbo la Washington. Injini yake hutoa nguvu za farasi 1,750. Tarehe 10 Oktoba 2020 dereva Mwingereza, Oliver Webb, alilikimbiza kwenye barabara kuu karibu na Pahrump, Nevada, akaenda na kurudi. Upepo unaokusukuma ukienda hukukaba ukirudi, kwa hiyo rekodi huhesabiwa kwa wastani wa pande zote mbili. Kampuni ikatangaza wastani wa kilomita 508 kwa saa.

Mimi napenda magari kuliko inavyompasa mzee wa kanisa, na ndiyo maana namba hiyo ilinikwama kooni. Hewa haina huruma. Ukizidisha spidi mara mbili, nguvu ya kuipasua hewa inatakiwa mara nane. Matatu zetu zimefungwa gavana zisizidi 80. Ukitaka kufika 480, ambayo ni mara sita tu ya hapo, hewa peke yake itakudai nguvu mara 216. Anayeongeza kilomita hamsini juu ya rekodi za wenzake huko juu ameongeza mlima.

Waliolitilia shaka gari hilo hawakuwa maadui wa magari. Asiyependa magari aliitazama video, akasema "duh," akaendelea na shughuli zake. Walioshtuka ni wale wanaojua uwiano wa kila gia na kipimo cha kila tairi. Barabara ileile ilikuwa imepitiwa na Koenigsegg Agera RS mwaka 2017, kwa wastani wa 447. Basi wakaziweka video mbili pamoja, wakatafuta alama za kando ya barabara, wakahesabu sekunde. Tuatara, ambalo kwa namba zilizoandikwa kwenye skrini lilipaswa kumwacha mwenzake mbali, lilichukua muda karibu uleule. Kampuni ya Dewetron, ambayo vifaa vyake vilitumika kupimia, ikasema haikuzithibitisha data hizo. Tarehe 30 Oktoba Shelby mwenyewe akajitokeza, akakubali kwamba itabidi warudie.

Hapa kwetu kesi za namna hii huamuliwa kila siku. Madereva wa Probox wa njia ya Wundanyi wana hadithi za kulaza mshale hadi 180, wakiwa wamejaza abiria na magunia. Gereji haimwiti mtu mwongo. Tunamuuliza amevaa tairi gani, kwa sababu tairi ndogo kuliko ile ya kiwandani huufanya mshale ujisifu. Dereva anaweza kusema kweli yote aliyoiona, na gari lisiwe limefika.

Kijana hakuridhika. Akasema shaka ni shaka. Ukiifungulia mlango kwenye gari itaingia hadi madhabahuni. Aliyemjibu kwanza hakuwa mimi. Alikuwa jirani yangu muuza vipuri, Mwislamu aliyesoma madrasa Mombasa, ambaye vijana humwita Ustadhi. Alisema Imamu Bukhari hakupokea hadithi ya Mtume kwa sababu ilikuwa tamu. Aliuliza nani kaisikia kwa nani, kama wawili hao walikutana, na kama msimulizi alikuwa na kumbukumbu nzuri na tabia ya kuaminika. Nyingi zikaachwa nje. "Sasa niambie," akamgeukia kijana, "Bukhari alikuwa hampendi Mtume?"

Nimelifikiria jibu hilo sana, kwa sababu upande wetu tuna Tomaso, na wahubiri wamemtesa mtu huyu bila sababu. Hakuwepo wenzake walipomwona Bwana, akasema hataamini mpaka aguse makovu. Siku nane baadaye bado alikuwa chumbani na wenzake. Hawakumfukuza, wala yeye hakwenda zake. Na Yesu alipokuja alimwonyesha mikono. Najua kinachofuata, wanabarikiwa wasioona wakaamini, na hapo ndipo mahubiri mengi hukimbilia. Lakini sisi tusioona tumepewa ushahidi wa watu walioona, na aliyeuandika hakulifuta jina la mwenye shaka. Waandishi wa Injili hawakuficha pia kwamba wanafunzi walikimbia, na kwamba habari ya kwanza ililetwa na mwanamke, katika jamii ambayo haikuuthamini ushahidi wa wanawake. Mtu anayeuza uongo huanza kwa kuyaondoa mambo ya namna hiyo.

Je, hiyo inathibitisha ufufuo? Hapana, na nilimwambia hivyo. Ufufuo hauwezi kurudiwa kwenye uwanja mwingine mbele ya vifaa vipya. Nawaamini mashahidi, na kuna sehemu ya kuamini huko ambayo siwezi kumkabidhi mtu mkononi kama spana. Gari ni jambo jingine. Anayetaja kilomita kwa saa amejiita mwenyewe mbele ya kipimo. Lori kutoka bandarini halipiti Mariakani kwa sababu dereva ameapa; linapanda mizani. Na jamaa wa Devel Sixteen, walioonyesha gari lao Dubai mwaka 2013 wakiahidi nguvu za farasi 5,000 na spidi ya 560, sisemi ni waongo. Nasema ahadi haijawa safari. Namkumbuka Rais Moi, ambaye mwaka 1986 alikiambia Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari hata kama litakuwa baya la sura na la polepole. Nyayo Pioneer lilifika 120, na mradi ukafia kwenye pesa, lakini sijui gari jingine lililoanza na majivuno machache kiasi hicho.

Kijana akasema nakuza mambo, gari halimuui mtu kwa kuongopewa spidi. Ni kweli. Ila ng'ambo ya Tsavo Mashariki, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Watu waliambiwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumfikia Yesu, na wengi walibeba watoto wao. Tangu hapo sijamsikiliza kwa utulivu mhubiri anayesema kuuliza ni kukosa imani. Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku kuona kama mambo ndivyo yalivyo, na kitabu cha Matendo kinawaita waungwana kwa ajili hiyo.

Kuna jambo moja tu ninalowalaumu wenye shaka. Januari 2021 Tuatara lilirudi barabarani, safari hii Florida, kwenye Kituo cha Anga cha Kennedy, mmiliki wake Larry Caplin akiendesha. Wastani: kilomita 455 kwa saa, zaidi ya Koenigsegg. Kufika 508 kungehitaji karibu asilimia 40 ya nguvu juu ya hapo, kwa hiyo pengo lilikuwa kubwa. Julai mwaka huohuo kampuni ilikiri kwamba mbio za Oktoba hazikufikia spidi iliyotangazwa. Lakini 455 ilikuwa kweli, na baadhi ya waliozitilia shaka mbio za Nevada waliipokea kwa kicheko, kana kwamba walitaka gari lishindwe tu. Tomaso alipoonyeshwa hakuomba kovu la tatu.

Kijana sasa anataka kujua kama mwaka 2020 wangetangaza 455 tangu mwanzo ningewaamini. Nimemwambia ningeuliza barabara gani, vifaa vya nani, na kama lilirudi upande wa pili.