Nani Atajibu kwa Ajili ya Abiria?

Katika Niger, nchi maskini ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa la Sahara, wako madereva wa mji wa Agadez wachukuao wasafiri kwenda Libya. Gari dogo la mizigo hupakia watu zaidi ya ishirini, miguu ikining'inia nje, kila mmoja na dumu lake la maji. Zamani walikwenda kwa msafara pamoja na askari, wakifuata njia yenye visima.

Mwaka 2015 serikali, ikisaidiwa kwa fedha na Umoja wa Ulaya, ilitunga sheria ya kuwafunga madereva hao. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kwani Oktoba 2013 zilikuwa zimepatikana maiti 92 karibu na mpaka wa Algeria, wengi wao wanawake na watoto, waliokufa kwa kiu baada ya magari kuharibika. Lakini safari hazikukoma. Madereva wakaziacha njia za visima, kwa kuwa penye maji ndipo penye askari. Na wengine, walipoiona doria kwa mbali, waliwatupa abiria mchangani wakakimbia.

Twauliza basi: damu ya hao i juu ya nani? Dereva hujitetea kwamba aliogopa kifungo. Hatulikubali neno hilo. Aliyepokea nauli ya mtu na kumwingiza mahali asipoweza kutoka kwa miguu yake, amepokea na uhai wake. Hofu yaweza kupunguza hatia, haiwezi kumwondolea dhamana. Msamaria wa Injili hakuwa amemwahidi neno yule majeruhi, wala hakulipwa. Huyu aliahidi, tena alilipwa.

Wako wasemao kosa ni la wasafiri wenyewe, maana hawakulazimishwa. Yafaa hao wakae kwanza siku moja tu bila maji.

Ila twaona vigumu zaidi kumhukumu mtunga sheria. Yeye hakumwua mtu. Hata hivyo, mwenye kuweka mlinzi kisimani yampasa kujua mwenye kiu atapita wapi. Na alipokwisha kuletewa habari za makaburi ya jangwani, akaendelea kuhesabu upungufu wa wasafiri kuwa ushindi, hapo hakuweza tena kusema kwamba hakujua.

Sheria ile ilifutwa Novemba 2023 na wanajeshi walioshika serikali mwaka huo. Magari yakaanza tena kuondoka Agadez mchana kweupe. Wengi wa waliobaki mchangani hawana hata jina juu ya kaburi.