Jioni ya Ukili, Jioni ya Ngoma

Mwanafunzi wa sekondari wa Mikindani, akishatoka shule, akachota maji na kuosha vyombo, hubakiwa na muda mfupi kabla ya magharibi. Tumfikirie mmoja aliyeamua kuugawa muda huo. Jioni moja anakaa na wenzake kusuka ukili, ili mikeka na makawa yauzwe na fedha iwasaidie watoto yatima. Jioni inayofuata anakwenda kwa mzee anayemfundisha kupiga ngoma. Kuhusu ukili hakuna atakayemhoji. Kuhusu ngoma atahojiwa, tena na watu wanaompenda: muda huo si ungetosha kusuka pima nyingine?

Swali hilo ni zito. Mkeka ukiuzwa, daftari linapatikana. Pigo la ngoma lililokosewa na kurudiwa mpaka kiganja kiwake moto halimnunulii mtu chochote.

Immanuel Kant aliyaweka mambo haya mawili jirani katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili. Kati ya mifano yake minne, mmoja ni wa mtu mwenye kipaji anayekiacha kilale kwa kupenda raha. Unaofuata ni wa mtu mwenye neema anayekataa kuwasaidia wenye dhiki. Wote wawili aliwaona wamekosa. Lakini wajibu wa kukuza kipaji na wajibu wa kusaidia, kwake, ni wa aina moja: unakubana, ila haukutajii kiasi. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anajua kwamba anadaiwa kotekote, na jioni ya leo ni moja tu.

Kwa nini basi ukili unaonekana ni kutoa, na ngoma ni kujipendelea? Nadhani ni kwa sababu mkeka unahesabika. Hata hivyo, katika mambo mengine tunakubali kutoa kusikohesabika. Mpingo, mti ambao Wamakonde huuchonga vinyago na ambao huko Ulaya hutumika kutengenezea klarineti, huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Marehemu Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro alitumia miaka mingi kuwahimiza watoto wa shule wapande miche ya mti huo, akijua hatauona ukikatwa. Hakuna anayesema alikuwa anajifurahisha.

Lakini sitaki kuitetea ngoma kwa faida ya baadaye tu. Wapo watakaotaka kupatanisha mambo upesi: ajifunze, kisha apige kwenye harambee ya hao hao yatima. Akitaka mwenyewe, ni vizuri. Akilazimishwa, ngoma nayo imekuwa ukili wa pili, na saa yake imerudi kwenye hesabu ile ile.

Dini zetu za pwani zinafundisha kwamba sadaka yenye uzito hutoka katika kile mtu anachokipenda. Tulichukulie fundisho hilo kwa dhati. Ili nitoe ninachokipenda, lazima kwanza niwe na ninachokipenda. Jioni ya ukili ina thamani kwa sababu mikono hiyo ilikuwa na pengine pa kwenda, na mwenyewe akachagua. Mtu asiyeruhusiwa kuwa na saa yake hawezi kuitoa. Anaweza kunyang'anywa tu. Kutoa ni moyo usambe ni utajiri, tunasema, na methali hiyo imewaondolea aibu maskini wengi. Lakini moyo nao huwa na vyake, na asiyeachiwa chake hata kimoja tunamtoza ushuru kwa jina la wema.

Hili linawaangukia wasichana kuliko wavulana, na linaniuma. Mikono ya binti huhesabiwa kuwa iko wazi muda wote: maji, kuni, mtoto wa dada, mboga ya jioni, na sasa mkeka wa hisani. Akiomba saa ya ngoma huonekana anaiiba. Ilhali katika unyago wa pwani hii hii wanawake hupiga ngoma, na hakuna aliyezaliwa akijua.

Anayeuliza mtoto anayesubiri daftari anafaidikaje na yote haya, anauliza kwa haki. Leo daftari ni daftari, limetoka kwa aliyependa au aliyelazimishwa. Tofauti itaonekana kwenye ushonaji. Ukindu unavunwa, unaanikwa, unachanwa nyuzi sawasawa, mwingine unachemshwa kwenye rangi, ndipo unasukwa. Ukili uliolegea ukishonwa, mkeka hufumuka upesi, na aliyeununua kwa huruma harudi tena. Mzee wa ngoma haachi pigo bovu lipite. Huipasha ngozi moto kwanza, asikilize, ndipo aruhusu mkono. Mwanafunzi huanza na ngoma ndogo, pigo moja lisilobadilika, ambalo likiyumba ngoma kubwa haina pa kusimama. Aliyezoea ukali huo hawezi kumpelekea yatima kazi ya ovyo.

Zipo siku ambazo uhuru huu hufungwa. Machi 2021, mji wa Palma, ng'ambo ya mpaka huko Msumbiji, uliposhambuliwa, watu walikimbia, na baadhi yao wakavuka Ruvuma kuja upande huu wakiwa na nguo walizovaa tu. Wamakonde wako kingo zote mbili za mto ule. Siku kama hiyo ngoma huwekwa chini, na hakuna anayehitaji Kant kuambiwa hivyo.

Jioni nyingi, hata hivyo, si za namna hiyo. Dhiki iliyopo ni ile ya kila siku, ambayo haitaisha hata mwanafunzi akisuka mpaka usiku wa manane. Kwa jioni hizo ningependa ngoma iandikwe kwenye ratiba kwa kalamu ile ile ya ukili, na mtu mzima anayetaka kuihamisha amuulize kwanza mwenye saa, akiwa tayari kusikia hapana.