Kisu Butu na Risasi Ndogo



Waliotufundisha kuchinja huko nyumbani hawakuanza na kuchinja. Walianza na kunoa kisu. Mtoto alipewa jiwe, akanoa, akaambiwa bado, akanoa tena, na mbuzi hakuletwa mpaka wakubwa wameridhika na makali. Wala kisu hakikunolewa mbele ya mbuzi. Funzo lilikuwa wazi: ukishaazimia kutoa roho ya mnyama, maumivu yake yamo mikononi mwako, na wakati wa kuyapunguza ni kabla, si baadaye. Leo tungependa kuuliza iwapo funzo hilo linavuka bahari, na iwapo linamhusu hata mnyama tusiyemla na ambaye tunamwita adui.

Sisi ni watu watatu tunaofuga mbuzi kwa ubia katika kishamba cha kukodi huku Texas, jimbo lenye mbuzi wengi kuliko yote ya Marekani. Adui yetu ni koyote. Kwa asiyemjua, ni mnyama wa jamii ya mbwa, anafanana na bweha wetu ila amemzidi umbo. Manyoya yake mazito humfanya aonekane mnene, lakini wengi wao hawafiki kilo 20. Hapa Texas koyote hana msimu wa kupumzishwa. Huwindwa mwaka mzima.

Mwaka wetu wa kwanza, mbuzi walipoanza kuzaa, tulipoteza vitoto viwili katika wiki moja. Tulikuwa na bunduki ya .22 Long Rifle, iliyonunuliwa kwa ajili ya nyoka na panya. Risasi zake ni rahisi na mlio wake haumwamshi jirani. Tukasema inatosha. Na tukiri kwamba wengi wetu, kule tulikotoka, bunduki ilikuwa kitu cha askari au cha jambazi. Kuhusu risasi hatukujua zaidi ya kwamba risasi huua.

Alfajiri moja koyote akasimama mbele yetu, kama mita 100. Mwenzetu akafyatua. Mnyama akaruka, akajiuma ubavuni, akatokomea kichakani. Tukapongezana, tukaenda kunywa chai. Siku ya tatu tulimkuta kando ya bwawa. Alikuwa amejikokota hadi kwenye maji, na bado alikuwa anahema. Tulimmalizia pale pale, na kurudi nyumbani hatukuzungumza.

Jirani yetu, mzee aliyefuga maisha yake yote, alituuliza tulimpiga kwa risasi gani. Tulipomtajia, alitikisa kichwa akasema ingekuwa heri tungemkosa kabisa.

Basi tukaanza kujifunza tulichopaswa kujua mwanzo. Namba hizo zinazoandikwa kwenye maboksi huonyesha takriban upana wa risasi kwa sehemu za inchi. Risasi ya .22 Long Rifle na ile ya .223 Remington zinakaribiana sana kwa upana, zote hazifiki milimita 6. Lakini ya kwanza ina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 380 kwa sekunde. Ya pili ina gramu 3.6 na hutoka kwa mita 980 hivi. Mwendo ndio unaoongeza nguvu zaidi, kwa hiyo ya pili hutoka na nguvu mara tisa hivi ya mwenzake. Zaidi ya hayo, ile ndogo ikishalengeshwa kwa mita 50, ikifika mita 100 imekwisha kushuka zaidi ya sentimita 10. Ukilenga moyo, unapiga chini yake. Hilo ndilo lililompata koyote wetu.

Kati ya hizo mbili zipo nyingine. Ipo .17 HMR, iliyotoka mwaka 2002: ina kasi, lakini risasi yake ni ya gramu 1.1 tu. Inamfaa sungura, kwa koyote wawindaji hawaachi kubishana, kwani ikikutana na mfupa wa bega yaweza kupasuka kabla ya kufika ndani. Zaidi ya .223 ipo .22-250, na ipo .243 ambayo huangusha hata paa wa huku. Wauzao ngozi huichelea hiyo ya mwisho kwa kuwa huenda ikatoboa tundu kubwa.

Watakuwapo watakaotuuliza: mbona mwayapima haya kwa mizani ya dhahabu? Koyote aliwararua watoto wa mbuzi wenu wakiwa hai, naye hakuuliza kama meno yake ni makali. Ni kweli. Lakini koyote hakuwa na uchaguzi. Sisi tulikuwa nao, tena tulikuwa nao dukani, mbele ya kaunta, tukiwa na utulivu na pesa mfukoni. Tulichagua kwa kuangalia bei. Dola chache tulizookoa, mnyama ndiye aliyezilipa, kwa siku tatu. Uadui unaweza kuhalalisha kifo. Hatuoni jinsi unavyoweza kuhalalisha mateso yasiyomlinda mbuzi hata mmoja.

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba dawa ni kununua risasi kubwa kuliko zote. Mwenye .22-250 hushawishika kumpiga mnyama aliye mita 350, kwa kuwa risasi yake inafika. Risasi inafika, lakini mkono je? Upepo je? Mwenye risasi kubwa anayelenga mbali kuliko ujuzi wake na mwenye risasi ndogo anayetumaini bahati wamefanya kosa moja. Ndiyo maana sisi tulichukua .223, tukaenda kulenga makopo wiki baada ya wiki, tukagundua kwamba uhakika wetu unaishia mita 120. Hapo ndipo tulipoweka mpaka wetu. Akisimama mita 200, tunamtazama tu.

Na baada ya kununua bunduki tulinunua mbwa, wale weupe wakubwa wa kulinda mifugo, tukaimarisha boma, na majike wenye mimba wakawa wanalala bandani. Watu wamewaua koyote kwa zaidi ya karne moja, kwa risasi, mitego na sumu, na mnyama aliyekuwa wa nyika za magharibi sasa ameenea majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii. Atakayetegemea bunduki peke yake atafyatua mpaka azeeke. Msimu uliofuata tulifyatua mara moja tu. Mnyama alianguka pale aliposimama. Hatukupongezana.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Huku ugenini tumejifunza mengi ya kujivunia, leseni, nyumba, shahada. Hili si la kujivunia, lakini tumeona tuliandike, kwa sababu kisu butu hakiko kwenye uwindaji peke yake. Kila mwenye uwezo wa kumuumiza asiyeweza kumjibu, iwe shambani au kazini au nyumbani kwake, ana jiwe la kunolea. Swali tunalowaachia ni moja: mlinoa lini?